Begi Lililovuka Geti

Begi lilikuwa juu ya meza ya kulia, katikati ya vikombe vya chai iliyopoa, na watu waliokuwamo hemani walikuwa wamesimama mbali nalo kana kwamba linaambukiza.

Inspekta alisogeza vikombe, akavaa glavu, akalivuta karibu. Alikuwa amefika kambini saa tatu asubuhi kwa gari la vyakula, amebanwa kati ya magunia ya vitunguu na mitungi ya gesi, na tangu ashuke hakuna aliyekumbuka kumpa kiti.

"Limeokotwa wapi?"

"Korongoni," alisema mkuu wa waokoaji, mwanamume mwembamba aliyeitwa Kamba na kila mtu kwa sababu hajawahi kuonekana bila kamba begani. "Mita sitini chini ya njia, ukishapita Kituo cha Nne. Saa kumi na mbili na nusu leo asubuhi. Vijana wangu kumi na wawili wako kule chini sasa hivi, wanapekua jiwe kwa jiwe."

"Na mwenyewe?"

"Bado, afande."

Mwenyewe alikuwa mkunga wa zahanati, namba hamsini na nane. Mbio zilikuwa za siku sita, kilomita mia mbili na arobaini za kupanda na kushuka milima, na jana ilikuwa siku ya nne. Wakimbiaji arobaini na wanne walitoka Kituo cha Tatu kuvuka kilele. Arobaini na watatu walilala kambini. Mkunga hakulala kambini, wala hakulala kwake, wala popote palipojulikana.

"Mashine ya getini inasema alipita Kituo cha Nne saa tisa na dakika hamsini," alisema mkurugenzi wa mbio. Alikuwa mtu mnene, koti lake jipya, na saa mbili mkononi, moja ya kuhesabia na nyingine ya kujua muda. "Baada ya hapo alishuka huku kambini, ikampiga mvua ya mawe, akateleza. Ni ajali, na inaumiza. Lakini mashine haidanganyi."

"Mashine inamjuaje?"

"Kila mkimbiaji ana kidude. Tumekishona wenyewe ndani ya kitambaa cha namba, hapo juu ya begi. Akipita getini, inalia, namba inajiandika."

"Kwa hiyo inasoma begi."

"Inasoma mkimbiaji."

"Kidude kiko mwilini?"

Mkurugenzi alivuta pumzi kama mtu anayefundisha darasa gumu. "Kiko kwenye begi, na begi liko mgongoni kwa mkimbiaji. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya mbio hizi, afande. Kila mtu anabeba mzigo wake, mwanzo mpaka mwisho. Anayebebewa anatolewa, na aliyembebea anatolewa naye. Hatujawahi kulegeza."

Inspekta alikuwa ameinama juu ya kitambaa cha namba. Kulikuwa na matone manne ya rangi ya kutu, yamefifishwa na maji, lakini umbo lake lilikuwa bado la mviringo.

"Damu," alisema Kamba. "Ndiyo maana tukakuita. Nadhani alijigonga kichwa akianguka."

"Aliyejigonga kichwa akibingirika mita sitini anapaka damu, hadondoshi. Haya yameanguka kutoka juu, moja moja, mtu akiwa wima." Inspekta aliinuka. "Niambie, begi likiwa mgongoni, tone la damu ya usoni linafikaje hapo?"

Kamba alijipapasa nyuma ya shingo, akageuza kichwa kulia na kushoto, akaacha.

Turubai la mlangoni likafunuliwa. Mwanamke aliingia, kanga imefungwa juu ya sweta, pini tatu zimechomekwa kwenye ukosi. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Mama, tuliomba ndugu wasubiri nje," alisema mkurugenzi.

"Nimesubiri nje tangu jana jioni. Nje nimeshapaona." Alisogea mpaka mezani. "Mimi ni dada yake. Yeye ni kitinda mimba, mimi nimemlea. Nyie mmesema kwenye vipaza sauti kwamba ameteleza. Mmemwona akiteleza?"

"Hakuna aliyemwona," alisema Inspekta. "Simama hapa kwangu. Usiguse, angalia tu. Hili ni begi lake?"

"Lake. Mikanda nimeishona kwa mkono wangu." Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na alipoinama juu ya mikanda ile sauti yake ilitulia, ikawa ya mtu aliye kazini. "Ana mabega membamba, haya mabegi ya dukani yalikuwa yanamteleza. Nikaikaza, halafu nikapiga mishono miwili, hapa na hapa, kwa uzi mwekundu, isirudi nyuma." Akainama karibu zaidi. "Nani ameifungua?"

Inspekta alisogeza kioo chake cha kukuzia. Mikanda yote miwili ilikuwa imelegezwa mpaka mwisho wake. Ncha za uzi mwekundu zilikuwa bado zimo kwenye matundu ya sindano.

"Si umekatika wakati begi linaanguka?" aliuliza mkurugenzi.

"Uzi wa kuvutwa unaacha manyoya," alisema dada mtu. "Huu umekatwa kwa wembe au kisu. Na mdogo wangu asingekata mshono wangu. Kwanza kwa nini alegeze, begi limpige makalioni?"

"Mkurugenzi," alisema Inspekta, "vua koti, kisha ulivae hili begi kwa mbele, kifuani."

"Mimi?"

"Wewe una mwili."

Mkurugenzi aliangalia huku na huku akitafuta wa kumtetea, hakumpata. Inspekta alimvisha glavu, akamshikilia mikanda ikapita mabegani. Begi lilimkaa tumboni, mikanda ikiwa bado na nafasi ya mikono miwili. Kitambaa cha namba kilikuwa chini ya kidevu chake kabisa.

"Sasa mtu akitokwa damu puani," alisema Inspekta, "inaanguka wapi?"

Kamba alitazama kidevu cha mkurugenzi, akatazama kitambaa, akashusha kamba yake begani kwa mara ya kwanza.

"Mtu huyu alikuwa na begi lake mgongoni na hili kifuani. Alikata mshono wa mikanda ili imtoshe. Na ni mpana kuliko mkurugenzi," alisema Inspekta.

"Humu kambini kuna mmoja tu aliye mpana kunizidi," alisema mkurugenzi akilivua begi kwa haraka, kisha akagundua alichosema.

"Nipe karatasi ya mashine."

Ilikuwa karatasi ndefu, namba na saa. Inspekta alishuka nayo kwa kidole mpaka mistari miwili ya mwisho. Namba thelathini na moja: saa tisa, dakika hamsini, sekunde kumi na nne. Namba hamsini na nane: saa tisa, dakika hamsini, sekunde kumi na nne.

"Geti lina upana gani?"

"Mtu mmoja," alisema Kamba polepole. "Nguzo mbili. Mtu mwenye begi anapita kwa ubavu."

"Na mtu wenu aliyekuwepo getini?"

"Alikuwa hemani," alisema mkurugenzi. "Ilikuwa inanyesha mvua ya mawe, afande. Mashine inatosha."

Thelathini na moja alikuwa mwashi, aliyeitwa Winchi kwa sababu ya alivyoinua mawe. Mkurugenzi alishusha sauti. "Kuna jambo sikulisema. Watu walimsikia Winchi akigombana na huyo mkunga jana pale Kituo cha Tatu. Walikuwa wanavutana kitu."

"Basi amemsukuma," alisema Kamba. "Kamsukuma, kachukua begi, kalitupa korongoni tuhangaike."

Dada mtu alishika ukingo wa meza. Hakulia. "Mleteni hapa," alisema.

"Hapana," alisema Inspekta. "Namfuata mimi."

*

Winchi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya hema la huduma ya kwanza, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mgongo wake ulifunika nusu ya turubai. Kwenye tundu la kushoto la pua alikuwa ameziba pamba.

Inspekta alivuta ndoo nyingine, akakaa. "Pua imeanza lini?"

"Jana, kule juu. Hewa nyembamba, afande. Kila mwaka inanifanya hivi."

"Kabla ya kuchukua begi la mkunga au baada?"

Maji ya beseni yaliyumba.

"Sikuchukua begi la mtu."

"Damu yako iko juu yake. Mikanda imekatwa mshono ikutoshe wewe. Na geti la mtu mmoja limewasoma watu wawili kwa sekunde moja. Kuna watu kule hemani wanasema umeua. Mimi sijasema bado. Nataka kusikia kwako kwanza."

"Kuua?" Winchi aliinua uso. "Yule ndiye aliyemzalisha mke wangu. Watoto wangu wawili wamepita mikononi mwake."

"Basi sema."

"Nikisema anatolewa." Alisema kwa sauti ya chini, ya ukaidi. "Hii ni mara yake ya tatu. Mara mbili zote alikwamia siku ya tano. Aliniapisha. Akasema, ukifungua mdomo tumekwisha wote wawili. Mimi kutolewa si kitu, nina mwili wa kurudi mwakani. Yeye ameomba likizo kwa miaka mitatu kupata siku hizi."

"Kwa hiyo mnamtafuta mtu huku wewe unamfichia siri ya begi."

"Wanamtafuta mahali penyewe, afande. Ningewaambia wangefanya nini zaidi? Wako korongoni tangu alfajiri. Na mimi nilikwenda nao mpaka miguu ikakataa."

Inspekta alitoa daftari. "Anza Kituo cha Tatu. Taratibu."

Winchi alieleza. Mkunga alikuwa ametapika usiku kucha. Pale Kituo cha Tatu hakuweza hata kushikilia maji tumboni. Winchi alilivuta begi la mkunga, mkunga akalivuta kurudi, na huo ndio ugomvi watu waliousikia. Akakataa kubebewa mpaka walipofika karibu na kilele, kwenye mawe mawili meusi yaliyosimama kama meno, kilomita tatu kabla ya geti. Hapo miguu ilimgomea. Akakubali kwa sharti: Winchi atangulie na begi, alipitishe getini, aliache juu ya jiwe la bapa baada ya kona, ambapo hakuna anayeona. Yeye atakuja mwepesi mwepesi, apite getini, alichukue, washuke kama kawaida.

"Ilikuwa saa ngapi pale kwenye mawe?"

"Saa tisa kamili."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Koti lake. Fimbo zake mbili alikuwa nazo. Vingine vyote vimo begini. Taa, blanketi, filimbi." Alipoitaja hiyo ya mwisho alisita.

"Ukaliacha begi pale jiweni."

"Nikaliacha. Mvua ya mawe imeshaanza, upepo unanisukuma. Nikashuka. Aliniambia nikigeuka nyuma hatanisemesha tena maisha yake yote, na yule hatanii. Nikakaa hapa namsubiri. Wakaja wafagiaji."

"Wafagiaji?"

"Wale wawili wanaokuja nyuma ya mtu wa mwisho, wanakusanya vibendera vya njia. Nikawauliza, mmemwona mkunga? Wakaniambia, huko nyuma hakuna mtu, hesabu imetimia. Nikajua ameshapita. Asubuhi begi likaonekana korongoni. Nikajua amelichukua, akaanguka nalo."

Inspekta aliacha kuandika. "Wafagiaji wanafanyaje kazi? Nieleze kama sijui chochote."

"Kila kona wanasimama, wanapiga filimbi, wanangoja dakika nzima. Kama kuna mtu amejikunyata mahali, anajibu. Wanafanya hivyo mpaka redio iwaambie hesabu imetimia. Baada ya hapo wanatembea tu, wanang'oa vibendera, wawahi chai."

"Na jana redio iliwaambia saa ngapi?"

Winchi alianza kuhesabu kwa vidole. Inspekta alimngoja afike mwenyewe.

"Geti linasoma kidude," alisema Winchi.

"Ndiyo."

"Kidude kiko kwenye begi."

"Ndiyo."

"Saa tisa na hamsini hesabu ilitimia kwa sababu yangu." Alikuwa ameinuka, maji yanachuruzika miguuni. Pamba ilidondoka, damu ikaanza upya, hakuifuta. "Walimpita. Walimpita na filimbi mifukoni, wakang'oa vibendera vyote. Na begi lile jiweni ni upepo umelisukuma. Hajalichukua. Hajawahi kufika getini."

"Vaa viatu," alisema Inspekta.

*

Saa nne na nusu. Kamba alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akatandaza ramani juu ya vikombe.

"Vijana wangu wako chini kabisa ya korongo. Kuwapandisha mpaka njiani ni saa mbili na nusu. Kutoka hapo mpaka kwenye mawe meusi, saa mbili nyingine." Alitazama nje, magharibi, ambako mawingu yalikuwa yamekaa kama ukuta uliopakwa masizi. "Watu wa hali ya hewa wanasema saa tisa theluji inaanza. Tutafika nayo. Usiku mmoja amemaliza, wa pili hamalizi."

"Nani mwingine anaweza kufika huko upesi?"

Macho ya Kamba yalikwenda nje ya hema, ambako wakimbiaji walikuwa wanafunga mabegi. Mkurugenzi alikuwa ametangaza siku ya tano ianze saa sita mchana.

"Hapana," alisema mkurugenzi. "Hata usilifikirie. Hao ni washindani, si waokoaji. Atakayepita geti kurudi nyuma ametoka mashindanoni, ndivyo ilivyoandikwa. Na wewe, afande, unataka kuondoa msako mahali palipookotwa begi, uupeleke mahali ambapo hakuna hata uzi, kwa maneno ya mtu aliyekiri amedanganya?"

"Kwa maneno ya uzi, damu na karatasi yako mwenyewe."

Mkurugenzi alichukua redio, akampigia mkuu wa Inspekta huko mjini. Waliongea kwa dakika mbili, kisha akampa Inspekta kifaa kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kushinda.

"Afande," sauti ya mkuu ilikwaruza, "msako ubaki korongoni. Ushahidi uko hapo. Mtuhumiwa mfunge pingu, mteremshe na gari la vyakula. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mkuu."

"Unateremka saa ngapi?"

"Siteremki. Napanda."

"Hilo ni agizo."

"Najua, mkuu. Nitaliandikia maelezo nikirudi, na wewe utaandika ya kwako." Akazima.

Alitoka nje. Dada mtu alikuwa tayari nje, amepanda juu ya sanduku la maji, anazungumza na wakimbiaji kwa sauti ile ile aliyopimia watu nguo. Hakuwa anawasihi. Alikuwa anawaambia.

"Mdogo wangu yuko upande wa pili wa kilele. Hana filimbi, hana blanketi, na alipitwa jana. Mimi sijui kupanda milima, ningekuwa najua nisingekuwa nawaambia nyie. Yeye aliwakanda miguu usiku wa siku ya kwanza, nilimwona. Sasa mnaojua mlima fanyeni mnachojua."

"Anayerudi nyuma ya geti ametolewa," alitangaza mkurugenzi kupitia kipaza sauti. "Nasema mapema, asije mtu akalia baadaye."

Mbele kabisa alisimama mwanamke mrefu, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa anaongoza mbio zile kwa dakika kumi na moja. Alitazama mlimani, akatazama saa yake, akaivua na kuitia mfukoni.

"Dakika kumi na moja nimezitolea jasho siku nne," alisema. "Mwandike mtu mwingine." Akachukua fimbo zake.

"Mwalimu, usiharibu," alisema mkurugenzi.

"Nimeharibu." Alikuwa ameshaanza kupanda.

Nyuma yake wakafuata wawili, kisha sita, kisha ikawa hakuna aliyebaki wa kuhesabu. Hata wafagiaji wa jana walikuwemo, wamenyong'onyea, filimbi mdomoni. Walifika getini kwa mwendo usiotimia saa moja. Mashine ilianza kulia ilipopitwa na wa kwanza, na haikunyamaza. Ililia kwa kila begi lililopita kinyume, mpaka yule mtu wa geti akatoka hemani kwake akiwa ameziba masikio.

*

Inspekta alikuwa na miaka arobaini na sita na goti moja la mashaka. Kabla ya kilele alikuwa amepitwa na wote isipokuwa Kamba, aliyekataa kumwacha.

"Kaa hapa, afande. Tutakupa habari kwa redio."

"Nikikaa sitainuka. Tembea."

Walipofika kwenye mawe mawili meusi ilikuwa saa saba. Hakukuwa na vibendera, na njia ilikuwa imefutika chini ya barafu ya jana, mteremko mtupu kila upande. Wakimbiaji walikuwa wametapakaa ovyo, kila mtu anaita upande wake.

"Nyamazeni," alisema Inspekta, akiwa ameshika magoti. "Winchi. Mvua ya mawe ilianza saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Akiwa hoi vile angetembea umbali gani kwa nusu saa?"

"Kilomita moja. Haizidi."

"Upepo ulitoka wapi?"

"Magharibi. Ulikuwa unanipiga shavu la kulia wakati nakwenda getini."

"Basi alikimbilia kushoto, aupe mgongo. Mtu anayetapika hapandi, anashuka." Alinyoosha mkono kwenye mteremko wa mashariki. "Kuanzia hapa, kilomita moja kuelekea getini, upande huu tu. Mstari mmoja, mtu na mtu hatua tano. Filimbi, halafu dakika nzima. Atakayevunja kimya kabla ya dakika kwisha namshusha mwenyewe."

Walijipanga. Filimbi ikapigwa. Watu arobaini na zaidi walisimama mlimani bila kupumua, upepo ukavuma katikati yao. Hakuna kitu. Wakashuka hatua ishirini. Filimbi. Hakuna kitu. Wingu lilikuwa limefika kileleni na chembe za kwanza nyeupe zilianza kupita ubavuni.

Mara ya saba, kabla dakika haijatimia, ilisikika sauti ndogo ya chuma juu ya jiwe. Mara tatu. Kisha tena mara tatu.

Winchi ndiye aliyetangulia, akiteremka kwa makalio, akisukuma mawe ya ukubwa wa sanduku kama mito ya kulalia. Chini ya mwamba uliochongoka, ndani ya ufa usiotosha mbuzi, mkunga alikuwa ameketi amejikunja, mguu wa kushoto umevimba umekaa upande usiofaa, midomo imepasuka, fimbo mkononi. Ncha ya fimbo ilikuwa imechakaa kwa kugonga.

Aliwatazama mmoja mmoja walipokuwa wanatokeza.

"Nimewangoja kuliko nilivyowahi kumngoja mtoto yeyote," alisema. Sauti ilikuwa kama karatasi. "Jana wawili walinipita hapo juu. Niligonga, wakawa wanaimba."

Wafagiaji waliinamisha vichwa.

Winchi alipiga magoti. "Nisamehe. Ni mimi niliye..."

"Nani alikwambia uende? Ni mimi. Nyamaza, ubebe."

Mwalimu alimfunga mguu kwa vipande vya fimbo. Wengine walivua makoti wakatengeneza machela kwa kamba ya Kamba. Inspekta alimchukulia maelezo mkunga pale pale, akiwa amechuchumaa, theluji inatua juu ya daftari. Maelezo hayakufika mistari sita. Begi nilimpa Winchi mimi mwenyewe, kwa hiari yangu. Hakunisukuma mtu. Niliteleza. Akatia sahihi kwa mkono mmoja, akiushikilia kwa mwingine.

Redio ya Kamba ikakwaruza.

"Kituo cha Nne hapa," ilikuwa sauti ya mkurugenzi, aliyekuwa amepanda mpaka getini. "Nimeambiwa mmempata. Tunashukuru. Sasa nahitaji namba za wote waliorudi nyuma ya geti, niwatoe kwenye orodha. Kanuni ni kanuni. Mashine imechanganyikiwa, inasoma namba moja mara mbili. Nitajieni kwa mdomo."

Kamba alimtazama Inspekta. Inspekta alimpa mwalimu redio.

"Namba saba," alisema mwalimu, wazi, kama anaita majina darasani. Akampa aliye karibu.

"Kumi na tisa."

"Arobaini."

"Thelathini na moja," alisema Winchi, "na uandike aliyebeba mzigo ni mimi."

Redio ilikwenda mkono kwa mkono, juu na chini ya mteremko, na kila mtu alitaja yake bila haraka, huku mkurugenzi akiwa kimya upande wa pili, pengine anaandika, pengine ameacha. Ilipofika kwenye machela, mkunga aliishika kwa mikono yote miwili.

"Hamsini na nane," alisema. "Sijafika getini kwako. Mwakani nitafika."

Akaipitisha kwa aliyekuwa kichwani pake, na huyo alikuwa Inspekta. Inspekta aliiangalia. Hakuwa na namba ya mbio. Alibonyeza kitufe, akataja namba ya kitambulisho chake cha kazi, tarakimu zote sita, taratibu, ili na mkuu wake huko mjini akitaka kuiandika asikosee. Kisha akamrudishia Kamba redio, akainama, akashika ncha ya machela.